Alijua au Hakujua? Fundo la Kutengana kwa Nader na Simin

Mume na mke wameketi bega kwa bega mbele ya hakimu. Hakimu tunamsikia sauti tu. Kamera imewekwa pale anapokaa yeye, kwa hiyo wanandoa hawa wanatutazama sisi machoni na mashtaka yao wanatuletea sisi. Mke anataka talaka. Anaulizwa kama mumewe ana tabia mbaya, anajibu kwamba hapana, ni mtu mwema. Basi talaka ya nini? Wamehangaikia visa mwaka mmoja na nusu, wameipata, na zimebaki siku arobaini imalize muda wake. Mke anataka waondoke Iran kwa ajili ya binti yao. Mume hataki tena kuondoka, kwa kuwa baba yake mzazi ana ugonjwa wa Alzheimer. Mke anasema yule mzee hata hajui kuwa huyu ni mwanawe. Mume anajibu kwamba yeye anajua kuwa yule ni baba yake.

Nimeitazama filamu hii mara nyingi, na jibu hilo hunisimamisha kila mara. Linatolewa mapema kabisa, kabla hatujawajua vizuri watu hawa, na tayari limebeba neno ambalo hadithi nzima italizunguka kwa zaidi ya saa mbili: kujua.

Ni filamu ya Iran ya mwaka 2011, iliyoandikwa na kuongozwa na Asghar Farhadi. Kwa Kiajemi jina lake lina maana ya Kutengana kwa Nader na Simin. Nader ameigizwa na Payman Maadi, Simin na Leila Hatami, na binti yao Termeh na Sarina Farhadi, ambaye ni binti wa mwongozaji mwenyewe. Nusura isimalizwe: Septemba 2010 kibali cha kuipiga picha kilisitishwa baada ya Farhadi kusema hadharani maneno ya kuwaunga mkono watengeneza filamu wenzake waliokuwa wamekosana na serikali, kisha kikarudishwa. Februari 2011 ikapata tuzo ya Dubu wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Berlin, na Februari 2012 ikawa filamu ya kwanza ya Iran kushinda Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni.

Tuzo si shida. Shida ni kwamba wengi wanaoitazama hupotea katikati. Inaanza kama kisa cha talaka, halafu ghafla mume ana kesi ya kuua, halafu kuna mazungumzo ya pesa, halafu msahafu unaletwa mezani, na mwisho tunarudi kwenye talaka. Nje ya ulimwengu wa Kiislamu, mambo hayo yameandikwa kana kwamba ni mila za mbali. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Mahari, khului, dia (fidia ya damu), kula yamini: maneno haya tunayo, na wengi wetu tumeyasikia nyumbani au kwa kadhi kabla hatujayaona kwenye filamu. Kinachotakiwa ni kuyapanga mahali pake tu.

Tuanze na talaka yenyewe. Katika sheria ya ndoa ya Iran, haki ya kutoa talaka msingi wake uko mikononi mwa mume. Mke akitaka kutoka, ana njia mbili kubwa. Ama athibitishe mahakamani kwamba maisha ya ndoa yamemuwia mazito kiasi cha kutovumilika, ama waelewane na mumewe kwa khului, yaani arudishe au asamehe mahari yake, mume naye amwachie. Simin hawezi kwenda njia ya kwanza, kwa sababu keshasema mwenyewe mume wake ni mtu mwema. Ndiyo maana hakimu anaona hana hoja. Njia ya pili iko wazi, kwa kuwa Nader hapingi. Anasema mbele ya hakimu kwamba mke akitaka kuondoka, na aondoke.

Kinachokwama ni mtoto. Termeh anakaribia kutimiza miaka 11. Baba hakubali asafiri, na bila ridhaa ya baba mtoto hapati njia ya kutoka nchini, kwa sababu uwalii, yaani mamlaka ya kisheria juu ya mtoto, ni wa baba, na babu mzaa baba. Mama hana sehemu katika uwalii huo. Simin anaweza kuachika kesho asubuhi na bado asiweze kumpandisha binti yake ndege.

Kuna jambo jingine hapo ambalo mtazamaji wa Iran analijua tangu dakika ya kwanza, na wageni wengi hawalijui. Tangu marekebisho ya 2003, malezi ya mtoto baada ya wazazi kuachana ni ya mama hadi mtoto atimize miaka saba, kisha humwelekea baba. Lakini kwa sheria yao msichana anahesabiwa kubalehe akitimiza miaka tisa ya mwezi mwandamo, na akishabalehe hesabu ya malezi inakoma: mtoto mwenyewe husema atakaa na nani. Termeh ameshapita umri huo. Kwa hiyo wazazi wanapogombana mbele ya hakimu mwanzoni mwa filamu, mtazamaji wa Tehran tayari anajua mzigo huu utaishia begani mwa nani. (Umri wa miaka saba si mgeni kwetu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 nayo inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama, isipokuwa ithibitike vinginevyo, na inaitaka mahakama iangalie matakwa ya mtoto mwenye umri wa kutoa maoni yake mwenyewe.)

Simin anahamia kwa mama yake. Termeh anabaki kwa baba, na wengi hudhani amechagua upande. Mimi naona amefanya hesabu ya kitoto yenye akili nyingi: anajua mama hawezi kuondoka nchini bila yeye. Akibaki kwa baba, mama hataenda mbali. Amejifanya kamba ya kuwafunga pamoja.

Nyumba ikibaki bila mke, nani atamwangalia mzee? Nader anafanya kazi benki, hawezi kushinda nyumbani. Anaajiriwa Razieh, mwanamke mcha Mungu, mjamzito, anayetoka mbali kwa basi pamoja na binti yake mdogo. Tehran imepanda mlima: kaskazini, chini ya safu ya Alborz, ndiko kwenye majumba ya wenye nafasi, na kadiri unavyoshuka kusini ndivyo unavyokutana na vitongoji vya watu wa hali ya chini. Nader na Simin si matajiri, lakini wana gari, wana piano, wana visa. Razieh ana mume, Hodjat, fundi viatu aliyeachishwa kazi na anayesakwa na watu wanaomdai. Tena kazi hii ameichukua bila kumwambia mumewe, kwa sababu ni nyumba ambayo mwanamke wake ameondoka.

Siku ya kwanza tu, mzee anajikojolea. Razieh anapiga simu kuuliza masuala ya dini: je, ni dhambi akimbadilisha nguo mzee asiyeweza kujisaidia? Binti yake mdogo anasimama karibu anamwambia mama kwamba hatamwambia baba. Hapo moyo ulinishtuka. Mtoto huyu hana hata umri wa kujua siri ni nini, na tayari amepewa ya kutunza. Filamu ina watoto wawili wa kike wanaojua zaidi ya wanavyopaswa kujua, mmoja wa tabaka hili na mmoja wa lile, na kamera inawarudia wakitazamana kila watu wazima wanapopigiana kelele.

Sasa tufike kwenye tukio. Siku moja mzee anatoroka nyumbani, anavuka barabara kwenda kwenye kibanda cha magazeti, Razieh anamkimbilia. Tunaona magari, tunaona uso wake, kisha picha inakatwa. Kesho yake Razieh anamfunga mzee mkono kitandani, anafunga mlango, anatoka. Nader anarudi na Termeh, anamkuta baba yake ameanguka chini, mkono bado umefungwa kitandani, hana fahamu. Halafu anaona kuna pesa zimepungua. Razieh anaporudi, Nader anamwita mzembe na mwizi, anamtaka atoke. Kwa Razieh, kuitwa mwizi ni kubaya kuliko kufukuzwa. Hataki kuondoka kabla hajasafishwa jina na kulipwa ujira wa siku yake. Nader anamsukuma nje ya mlango. Anaonekana ameketi ngazini. Usiku ule yuko hospitali na mimba imetoka.

Kuhusu pesa, atakayetazama kwa makini atakumbuka kwamba mwanzoni, siku Simin anahama, wapagazi wa piano walidai nyongeza kwa ajili ya ghorofa waliyopanda zaidi, na Simin akatoa pesa ndani akawalipa. Hakumwambia mtu. Neno zima la "mwizi" limesimama juu ya jambo ambalo mke alilijua na mume hakulijua, kwa kuwa walikuwa wameacha kuambiana.

Kwa nini kesi iwe ya kuua? Hapa ndipo sheria inapohitaji kufafanuliwa polepole. Fikihi (sheria ya dini) ya Kishia inayofuatwa na mahakama za Iran ina viwango vya dia kwa mimba iliyoharibiwa, kulingana na hatua yake: dinari 20 ikiwa tone la manii, 40 ikiwa pande la damu, 60 ikiwa kinofu, 80 mifupa ikishaanza, 100 umbo likikamilika. Ikishaingia roho, dia inakuwa ya mtu kamili, dinari 1,000 kwa wa kiume na nusu yake kwa wa kike. Siku hizi mahakama huitaja kwa riali, na kiwango hutangazwa kila mwaka. Roho huingia lini? Wale waliosoma madrasa watakumbuka hesabu ya arobaini tatu, siku 120. Mimba ya Razieh ilikuwa na miezi minne na nusu. Machoni pa sheria alikuwa mtu.

Kisha kuna kifungo. Kifungu cha 622 cha sheria ya adhabu ya Iran ya 1996 kinasema kuwa anayempiga au kumdhuru mwanamke mjamzito hadi mimba ikatoka, juu ya dia au kisasi atafungwa mwaka mmoja hadi mitatu, iwapo alifanya hivyo kwa kujua na kwa kukusudia. Kwa kujua. Neno hili moja ndilo lililoibeba sehemu ya kati ya filamu. Nader kumsukuma Razieh, hilo halina ubishi mkubwa. Hakimu mpelelezi anataka kujua kitu kimoja: ulijua kuwa ni mjamzito? Akijua, ni jela. Asipojua, kesi inakuwa nyepesi mno.

Nader anasema hakujua. Mwalimu wa Termeh alikuwa nyumbani kwao siku moja na alizungumza na Razieh jikoni kuhusu ujauzito na namba ya daktari, na Nader alikuwa karibu. Alisikia? Kamera haikutuonyesha sikio lake. Farhadi ametunyima kwa makusudi kile ambacho hakimu naye hana. Tunalazimika kuamua kwa kutazama uso wa mtu, kama anavyofanya hakimu.

Termeh ndiye anayelifumbua, kwa kusikia kwamba maneno ya baba yake hayalingani. Anamuuliza. Na baba anakiri kwa binti yake kile alichokikana mahakamani: alijua. Kisha anajieleza. Alijua, lakini wakati ule wa hasira hakuwa na hilo akilini. Sheria haina nafasi ya jibu kama hilo, inataka ndiyo au hapana. Akisema ndiyo, anafungwa, na nani atabaki na mzee, nani atabaki na yeye Termeh?

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu naona ndipo penye moyo wa filamu. Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye ndoa anakijua kitu anachokisema Nader. Unajua mwenzio amechoka, na bado unamfokea. Unajua neno fulani linamuumiza, na linatoka. Wakati ule ulikuwa unajua au hujui? Mahakama inataka kukata katikati, na binadamu hakatiki hivyo. Lakini pia ni kweli kwamba Nader anakitumia ukweli huo kama kichaka cha kujificha, na mtoto wake anamwona.

Na mtoto huyo ndiye aliyefundishwa na baba yuleyule. Kuna tukio dogo mapema, Nader anamsaidia Termeh masomo ya msamiati. Termeh anatoa neno la Kiajemi lenye asili ya Kiarabu, *zemanat*. Ni ndugu wa neno letu dhamana. Baba anamwambia hilo ni la Kiarabu, aandike la Kiajemi. Termeh anasema mwalimu atamkata alama. Baba anajibu kwamba kosa ni kosa, hata liwe limesemwa na nani. Baadaye, mbele ya hakimu, Termeh anaulizwa swali litakaloamua kama baba yake anasema kweli, na anadanganya ili kumwokoa. Kwenye gari, wakirudi, machozi yanamtiririka na hasemi kitu. Sijui filamu nyingine iliyoonyesha kwa ukimya namna hii mzazi anavyomwibia mtoto jambo alilompa mwenyewe.

Wakati huo Hodjat, mume wa Razieh, anazunguka kama mtu aliyewashwa moto. Ni rahisi kumwona kama mkorofi wa hadithi. Anafoka mahakamani, anakwenda shuleni kumtisha mwalimu. Lakini sikilizeni anacholalamikia: kwamba hawa wengine wanajua kusema. Nader anazungumza na hakimu kwa utulivu, kwa mpangilio, na anasikilizwa. Yeye ulimi unamkwama, ghadhabu inaingia badala ya maneno, na kila anapofoka anaonekana mwongo. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya meza ya ofisi na kuona karani anamsikiliza aliyevaa vizuri zaidi atamwelewa.

Simin anaona njia moja ya kulimaliza: kulipana dia, waelewane, kesi ifutwe. Nader hataki, anasema kulipa ni kukiri. Simin anasema ni usalama wa mtoto, kwani Hodjat anazunguka karibu na shule. Mabishano yao hapa ndiyo yaleyale ya siku ya kwanza yakiwa yamevaa nguo nyingine. Kwake Nader, kusalimu amri ni woga, na mkewe amekuwa mtu wa kukimbia kila penye tatizo. Kwake Simin, kung'ang'ania ni kiburi kinacholipiwa na wengine. Wote wawili wanasema kweli. Termeh alipomtaka baba amwombe mama arudi, Nader alisema aliondoka mwenyewe, atarudi mwenyewe. Na Simin anaumia kwamba katika haya yote hakuna aliyemwambia "usiende". Miaka kumi na minne ya ndoa imefika mahali ambapo neno hilo moja dogo limekuwa zito kuliko hukumu.

Mwishowe Nader anakubali. Wanakwenda nyumbani kwa Hodjat, wanaomdai nao wameketi wakisubiri. Hundi zinaandikwa. Halafu Nader anatoa ombi moja: Razieh ashike msahafu aape kwamba yeye Nader ndiye aliyesababisha mimba kutoka.

Atakayeliona hili kama ujanja wa kisheria atakosa uzito wake. Katika mahakama za Iran kiapo ni njia ya kuthibitisha, lakini hapa hatupo mahakamani, tupo sebuleni. Nader anajua anamwomba nani. Na Razieh anajua kitu ambacho mumewe hakijui: ile siku mzee alipovuka barabara, gari lilimgonga yeye. Picha ile iliyokatwa imerudi sasa. Usiku uleule alianza kuumwa, na kesho yake alipomfunga mzee na kutoka alikuwa anakwenda kwa daktari. Yawezekana mtoto alikuwa ameshakufa tumboni kabla Nader hajamsukuma. Hana hakika. Alikuwa amemwambia Simin kwa siri kwamba ana shaka na anaogopa pesa hizi.

Razieh hasemi kwamba Nader hana kosa. Anasema hana yakini. Kula yamini juu ya jambo lenye shaka, kisha kupokea pesa kwa kiapo hicho, kwake ni kuingiza haramu nyumbani, na anaamini itamrudia binti yake. Anakimbilia jikoni. Hodjat anamfuata, anambembeleza aape, dhambi aibebe yeye. Anakataa. Hodjat anatoka akijipiga, na gari la Nader linavunjwa kioo cha mbele. Katika watu wazima wote wa hadithi hii, ni Razieh peke yake anayekataa kusema anajua asichokijua, na kukataa kwake kunawaacha yeye na mumewe na madeni yao. Nader anaondoka na ushindi wake. Kiapo alichokitaka kimemtendea haki, na yeye mwenyewe mbele ya hakimu alikana alichokijua.

Tunarudi mahakamani. Nader na Simin wamevaa nguo nyeusi. Filamu haielezi, lakini mtu yeyote aliyekaa matanga anaelewa: mzee amekufa. Hakimu anamuuliza Termeh kama ameamua atakaa na nani. Termeh anasema ameamua. Anaulizwa kama angependa wazazi watoke nje kwanza, na wanatolewa. Wanasubiri kwenye korido, mmoja upande huu wa mlango wa kioo na mwingine upande ule. Watu wanapita, wanagombana, wanapiga simu. Majina ya waigizaji yanaanza kupanda, na jibu la Termeh hatulisikii.

Watu hubishana sana alimchagua nani. Mimi huangalia zile nguo nyeusi. Siku ya kwanza Nader alisema hawezi kuondoka kwa sababu ya baba yake. Sasa baba hayupo, na bado wamekuja kwa hakimu, kwa ombi lilelile, na hata mmoja wao hajafungua ule mlango wa kioo.